Mvua na Misumari

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo alasiri, nikiwa nimeanika foronya za mito ya makochi. Tatu nimeziwahi, ya nne imeanguka kwenye tope na itabidi ifuliwe upya.

Nimempigia kaka. Anasema barabara ikishalowa lori lake halipandi kile kilima, kwa hiyo nisubiri mvua zikatike ndipo aje kunichukua. Ningeweza kupanda basi hata kesho na begi langu, lakini cherehani ni ya marehemu mama na siiachi katika nyumba hii. Cherehani ya miguu haibebwi begani. Basi nasubiri. Begi nimelipanga na kulisukuma chini ya kitanda, upande wangu.

Mume wangu hajui kwamba naondoka. Au anajua na hasemi. Kwake yote mawili yanafanana.

Ijumaa, 8 Machi

Paka ameingia karakana. Karakana yetu ni ile baraza ya mbele iliyozibwa kwa mabati, mimi na cherehani upande wa dirisha, yeye na mbao zake upande wa mlango. Paka ana rangi ya majivu, sikio moja limeraruka, amelowa mpaka mbavu zinahesabika, na tumbo limejaa. Nimechukua ufagio. Sipendi paka, wanakojoa kwenye sponji na harufu haitoki.

"Nini hicho unafukuza?" mama mkwe akauliza. Macho yake yamefifia, lakini masikio yake hayajapitwa na kitu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, maana katika nyumba hii ya fundi makochi sisi wenyewe tunakalia plastiki. Kinyozi hajinyoi.

"Paka, mama."

"Usimwone simba kanyeshewa ukadhani ni paka."

"Huyu ni paka kweli, mama. Na ana mimba."

Mume wangu alikuwa na misumari mdomoni, ndivyo anavyofanya kazi, anaishika kwa midomo na kuichomoa mmoja mmoja. Akasema pembeni ya misumari, "Mwache." Ndilo neno pekee alilosema tangu asubuhi, na limemwangukia paka.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nimeshinda ndani.

Niandike basi. Mwaka jana, msimu kama huu, uchungu ulinishika jioni. Mvua ilikuwa inapiga bati hata mtu hasikii anachosema mwenzake. Nilimwambia twende. Akaenda mlangoni, akatazama nje, akarudi. "Tusubiri ipungue kidogo." Haikupungua. Tulifika hospitali kunakucha na mtoto wa kike akazaliwa bila sauti. Mimi nikabaki wodini na homa, wao wakaenda kumzika. Niliporudi nyumbani nikakuta kile kitanda kidogo alichokitengeneza mwenyewe kimeondolewa, pale kwenye kona pamefagiliwa, na yeye yuko karakana anapigilia kochi la watu. Hakuniambia kamlaza wapi. Mimi sikumwuliza. Nilisema moyoni, huyu asiponitamkia mwenyewe, sitamwomba.

Tangu siku hiyo namwita Fundi, kama wateja. Hajawahi kuuliza kwa nini. Namchukia kwa hilo pia.

Jumanne, 12 Machi

Jana upepo na mvua kubwa. Leo asubuhi Fundi kasema anaenda kununua misumari. Karudi mchana, tope mpaka magotini, misumari hana. Duka la misumari liko barabara ya lami.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Paka amelala juu ya mabaki ya sponji. Nimemwacha, lakini si kwa upendo.

Alhamisi, 21 Machi

Mteja mpya, mama mwenye duka la dawa. Anataka kochi la watu watatu, kitambaa cha kijani, springi mpya, na liwe tayari kabla wakwe zake hawajaja. Amesema mara nne kwamba wakwe zake ni watu wa kutazama vitu. Nimemwonea huruma. Wangu hata haoni, na bado anajua nikizidisha chumvi.

Leo tena, "Naenda kununua misumari." Usiku ulikuwa na dhoruba. Karudi na tope, mikono mitupu. Nilimwuliza mama mkwe, kwa utani wenye sumu kidogo, mwanawe ana duka gani la misumari lenye tope hivyo. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu."

"Huo mshindo, mama, nausubiri tangu mwaka jana."

Nadhani kuna mwanamke. Nimeliandika, sasa lipo. Ajabu ni kwamba limeniuma, na mimi begi langu liko chini ya kitanda.

Jumatano, 27 Machi

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Paka amerudi tumbo limeshuka, chuchu zimevimba. Amezaa mahali. Nimetazama chini ya meza, nyuma ya mbao, ndani ya gunia la nyuzi, sikuona kitu. Anakula upesi na kupotea. Nimejikuta namwongezea dagaa. Mama mkwe kasema, "Aliyekuwa na ufagio leo ana sahani."

Mbao za kochi la mama wa duka la dawa zimekwisha kusimama, springi zimefungwa, migongo imejazwa. Limesimama pale kwenye kona tangu wiki jana, chini wazi, linangoja kitambaa.

Kuna jambo ambalo Fundi hulifanya kila kochi likikaribia kwisha, na mimi humcheka. Hulipindua miguu juu, hulipiga viganja pande zote, kisha huingiza mkono mpaka begani kwenye kila pembe, halafu huweka sikio. Ndipo hupigilia kile kitambaa cheusi cha chini. Baba yake ndiye aliyemfundisha, maana aliwahi kufungia mkasi ndani ya kiti cha mkubwa mmoja, na mkubwa akaukalia. Zamani, tulipokuwa tunacheka, nilikuwa nikimwuliza, "Daktari, mgonjwa anaendeleaje?" Naye hujibu, "Atapona, ila asile chumvi."

Nimekumbuka leo nikakasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumanne, 9 Aprili

Nimechoka, mistari michache tu. Mama wa duka la dawa kaja ghafla na gari la kubebea. Wakwe wanakuja Jumamosi na anataka kochi aliweke mapema, chumba kizoee. Fundi alikuwa ametoka, "misumari" yake ile. Kitambaa cha kijani kilikuwa tayari, kilibaki cha chini tu. Wingu lilikuwa jeusi, dereva anapiga honi, anasema ikimkuta njiani hawajibiki. Tumelifunika nailoni na kulipakia tone la kwanza likianguka. Mama wa watu ameondoka anacheka.

Kabla ya chakula cha jioni akapiga simu, nikaipokea mimi. Kochi lina sauti ndani. Sauti gani? Hajui, nyembamba. Nikamwambia ni springi mpya, mama, zinasuguana na mbao, zikizoea kukaliwa zitanyamaza. Nimelisema kwa madaha kabisa, kama fundi mwenyewe.

Jumatano, 10 Aprili

Paka ana wazimu. Anazunguka karakana, anapanda cherehani, anaingia gunia la nyuzi, anatoka. Anarudi kwenye ile kona lilipokuwa kochi, anakwaruza sakafu. Sauti yake haina mwisho. Nimeziba masikio kwa pamba na bado naisikia. Mvua siku nzima.

Naijua ile kona inavyokuwa, ukirudi ukaikuta tupu. Nimelia. Mama mkwe kauliza ni mafua, nikasema ndiyo.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uume.

Asubuhi paka alikuwa bado palepale, sauti imemkauka, anafungua mdomo tu. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai nikimtazama anavyokwaruza, ndipo likaniingia. Kochi lilikaa pale karibu wiki mbili, chini wazi.

Nilitupa kikombe. Fundi alikuwa anapima ubao. Nikamwendea usoni.

"Umewafungia!" nikasema. "Umewafungia watoto wake ndani ya kochi! Wewe ndivyo ulivyo, kitu kikishafungwa kwako kimekwisha, huulizi, husikii, unapigilia tu!"

Nilisema mengi. Nilisema ya kochi nikasema na yasiyo ya kochi. Nilimtaja mtoto. Nikamwambia yeye na mvua yake. Alisimama na ule ubao, misumari mdomoni, hakuutoa hata mmoja ajibu.

Mama mkwe ndiye aliyesema, kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, taratibu, kama anayeomba maji.

"Mwanangu, aliyefunga ni wewe."

"Mimi?"

"Juzi. Nilikuwa nimekaa hapa. Yeye akipigilia hupiga mbili, hupumzika, hupiga mbili. Wewe unapiga mfululizo. Na hakuna aliyelipiga viganja kwanza. Ningesikia."

Nikaikumbuka honi. Wingu. Mikono yangu mwenyewe, na kile kitambaa cheusi ninakivuta kikae sawa. Sikuingiza mkono. Halafu nikakumbuka simu, na madaha yangu, springi zikizoea zitanyamaza. Nikakaa palepale sakafuni, kwenye chai.

Fundi alitema misumari kiganjani. Akachukua koleo na mkasi. "Inuka," akasema. "Twende."

Tulikwenda kwa miguu na mvua yote ile. Hakuna aliyesema tusubiri ipungue.

Mama wa duka la dawa alitufungulia akiwa na kanga kichwani, macho mekundu. "Afadhali mmekuja. Ile sauti ilianza kwa nguvu, jana ikapungua, leo siisikii. Nilitaka kulipulizia dawa ya wadudu, mkono ukasita. Fundi, ndani ya kochi langu kuna nini?"

Fundi alilipindua. Mume wangu hung'oa msumari kama anayemtoa mtoto mwiba, mbao isipate jeraha, kitambaa kisivutike. Leo alirarua. Alishika kile kitambaa cheusi kwa mikono miwili akakipasua kutoka mguu hadi mguu, akaingiza mkono mpaka begani, pembe ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akatulia. Nikajua kwa mgongo wake.

Akatoa mmoja, amekakamaa. Akatoa wa pili. Akarudisha mkono, akatoa wa tatu, mdogo kuliko wote, aliyekuwa chini ya wenzake, na huyo mdomo ukafunguka bila sauti. Akamtia ndani ya shati, kifuani.

Watu husema paka ana roho tisa. Hawa hawakupewa hata moja nzima.

Mama wa watu akajishika kichwa. "Jamani! Nani kafunga bila kutazama?"

Nilifungua kinywa. Mume wangu akatangulia. "Tumefunga sisi, mama. Tutakurudishia kochi lako kama lilivyokuwa." Mama yule akatuletea maziwa ya vuguvugu na bomba dogo la dawa, lile la watoto, akatufundisha kudondoshea. Wala hakukumbuka wakwe.

Njiani sikuweza kuvumilia. Nikasimama katikati ya maji. "Sema basi! Nimekutukana asubuhi nzima na kosa ni langu. Sema!"

Alifuta uso. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya shati, unakinga kile kitu.

"Mvua ilikuwa inakuja," akasema. "Ungefanyaje?"

Hakuisema kwa kejeli. Nilimtazama vizuri, nilitafuta kejeli, nilitamani niione. Alikuwa anasema tu alichokiamini, na akaendelea kutembea. Mimi nikabaki nimesimama mpaka maji yakaingia kwenye viatu. Mwaka mzima nimekaa na ile sentensi yake ya mlangoni kama ushahidi. Mwaka mzima, na sijawahi kumwambia hayo aliyoniambia yeye leo.

Paka alimpokea yule mmoja. Alimnusa, akamlamba mpaka akapinduka, akamlalia. Kisha akainuka akarudi kwenye kona kutafuta wengine.

Wale wawili mume wangu amewafunga kwenye kipande cha kitambaa cha kijani, amechukua jembe. Nikamwuliza anawapeleka wapi. "Napajua mahali," akasema.

Jumapili, 14 Aprili

Paka ameondoka. Asubuhi alimbeba mtoto wake kwa meno shingoni, akapita mlangoni mbele yangu, akaingia mvuani. Nilimwita, eti "njoo, mama, njoo," kama mjinga. Hakugeuka. Simlaumu. Katika nyumba hii amepoteza wawili, kwa nini abaki?

Sahani nimeiacha nje.

Jumatano, 17 Aprili

Sahani imejaa maji ya mvua tu.

Jumanne, 23 Aprili

Dhoruba usiku kucha, bati moja la karakana limeng'oka. Asubuhi kabla hata ya kulirudisha bati, "Naenda kununua misumari." Nilimwona akikunja kipande cha ngozi ya plastiki, ile ya viti vya hoteli, akakitia mfukoni mwa koti.

Nilitaka kumfuata. Nilifika hadi mlangoni. Niliogopa nisije nikamkuta na mtu. Halafu nikaogopa zaidi, nisije nikamkuta peke yake. Nikarudi kushona.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua zinapungua. Asubuhi kulikuwa na jua, mabati yakatoa mvuke.

Mama mkwe alikuwa anafagia chumbani kwetu kwa kupapasa, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Akaniita.

"Ufagio wangu umegonga begi."

Nikalirudisha ndani kwa mguu.

"Ni zito. Si la safari ya siku mbili." Akakaa kitandani. "Mimi sikuzuii, mwanangu. Nimekaa na huyu, na nilikaa na baba yake, najua wanavyochosha. Unaongea na ukuta, afadhali ukuta una nyufa. Lakini kabla hujaenda, mwulize misumari anapigilia wapi."

"Anapigilia? Si anakwenda kununua, mama? Na harudi nayo."

"Nani alikwambia anakwenda kununua? Yeye. Mimi simsikilizi yeye, nausikiliza mfuko. Anatoka hapa mfuko wa koti unalia misumari. Akirudi, mfuko kimya."

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizo?"

"Hujauliza. Hamuulizani, nyinyi. Mmekaa kila mmoja na fungu lake la kimya kama watu waliogawana shamba."

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Nimeharibu mkono wa kochi, nimeushona ndani nje.

Jumatatu, 13 Mei

Jua. Barabara imekauka katikati. Kaka kapiga simu mara mbili, sijapokea.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua imekatika, kila mtu anasema hivyo. Kaka ametuma ujumbe: lori liko tayari, aje lini? Nimeusoma nikauweka.

Mume wangu alikuwa anavaa koti. Juzi kulikuwa na upepo mkavu tu, lakini mkali. "Naenda kununua misumari," akasema.

"Tunakwenda wote."

Alisimama na mkono mmoja ndani ya koti. Mama mkwe aliacha hata kutafuna.

"Huko kuna tope bado," akasema.

"Tope nimelizoea."

Tukatoka. Mfukoni mwake misumari ilikuwa inalia kila hatua, sijui mimi nilikuwa na masikio gani. Tukalipita duka la misumari, tukaiacha lami, tukapita nyuma ya shule, tukashuka kwenye njia ya majani mpaka makaburini. Alinitangulia, hakugeuka. Kule mwisho, karibu na ua wa miti, ndiko kwa watoto. Vituta vingi vya udongo vimelala, mvua imevifanya tambarare, huwezi kujua ni nani yuko wapi. Kimoja hakikuguswa.

Alikuwa amekitengenezea kifuniko. Mbao za kile kitanda kidogo, nilizitambua kwa zile duara alizochonga, amezisimamisha pembe nne, na juu yake amevuta ngozi ya plastiki, imekaza, imekunjwa pembeni kama anavyokunja viti vya watu wenye pesa. Misumari imepangwa kwa mstari mmoja, miwili na nafasi, miwili na nafasi. Ngozi ina viraka. Kila mahali upepo uliporarua, kuna kipande kingine juu yake. Chini ya kifuniko udongo ulikuwa mkavu kabisa. Pembeni yake kulikuwa na kituta kingine, kidogo sana, na ncha ya kitambaa cha kijani.

"Alizaliwa na mvua," mume wangu akasema. Hakunitazama. "Nikasema basi angalau huku isimfikie."

Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na haikuwa na msumari hata mmoja wa kuishikilia.

Nilipiga magoti. Nililia kwa sauti, ile sauti ambayo wodini walinikataza kwa sababu ya wagonjwa wengine. Yeye akapiga magoti upande wa pili, na kile kifuniko kilikuwa kati yetu. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha miti kikahama.

Baadaye nikapitisha kiganja juu ya ile ngozi, kwa mazoea tu ya kazi. Nikapiga kidogo. Nikaingiza mkono chini, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne ngozi ilikuwa inacheza.

"Mume wangu," nikasema, "kona hii imelegea."

Akatia mkono mfukoni, akanimiminia misumari kiganjani. Kisha akanipa nyundo.